Haki ya Kukataa Barua

Novemba 1975, miaka mingi kabla mtu wa kawaida hajamiliki anwani ya baruapepe, Jon Postel aliwaandikia wenzake wa ARPANET, mtandao wa kompyuta wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, waraka mfupi uliopewa namba 706. Alieleza kasoro moja: kompyuta iliyounganishwa na mtandao ule haikuwa na namna ya kuchagua ujumbe wa kuukataa. Ikimiminiwa upuuzi, kwa makusudi au kwa hitilafu, ililazimika kuupokea wote. Mwaka 1982 Postel huyohuyo alipoandika kanuni za SMTP, ambazo seva za barua zinazungumza kwazo hadi leo, mpokeaji alipata namba za kujibu anapokataa, lakini hakupata njia ya kumjua kwa hakika anayebisha hodi. Mtumaji alitaja jina, na jina likaaminiwa. Naamini historia nzima ya barua taka husomeka vizuri ikianzia hapo: ni historia ya wasimamizi wa seva kuidai, hatua kwa hatua, haki ya kukataa.

Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation alituma tangazo la kompyuta mpya kwa watumiaji karibu 400 wa ARPANET. Alikaripiwa, na karipio likatosha, kwa sababu mtandao ulikuwa na wenyewe. Miaka ya 1990, intaneti ilipofunguliwa kwa biashara, karipio lilikosa wa kulitoa. Kibaya zaidi, ukarimu wa zamani ulikuwa umebaki ndani ya programu: seva ilipokea barua ya yeyote na kuipeleka kwa yeyote, kwa kuwa mafundi walizoea kusaidiana. Mtangazaji alipeleka nakala moja yenye maelfu ya anwani kwenye seva ya chuo asichokijua, na chuo kikabeba mzigo wa kuisambaza, kikabeba na lawama. Sendmail, programu iliyoendesha sehemu kubwa ya seva za wakati ule, iliufunga mlango huo katika toleo la 8.9 la mwaka 1998. Aliyetaka uwe wazi ilibidi aufungue mwenyewe. Ninauhesabu uamuzi huo kuwa mkubwa kuliko uvumbuzi mwingi uliofuata, maana ulimfanya msimamizi awajibike kwa kinachotoka kwake.

Mwaka mmoja kabla, Paul Vixie, mhandisi wa California, alikuwa ameanza kutoa orodha ya anwani za seva zilizotuma au kuvumilia barua taka. Seva ikipigiwa hodi huuliza kupitia DNS, mfumo wa majina wa intaneti, kama anwani ya seva inayotuma imo orodhani. Ikiwemo, hukataa kabla barua yenyewe haijapokelewa. Mwaka 1998 Steve Linford akaanzisha Spamhaus, shirika linalotunza orodha kama hizo, jijini London. Kampuni iliyowafuga watuma taka sasa iliona wateja wake wengine wakirudishiwa barua zao, na hao ndio walioipigia kelele ijisafishe.

Pingamizi lililo zito ni kwamba orodha hizi huhukumu bila kusikiliza. Anayezitunza hakuchaguliwa na mtu, na asiye na kosa huweza kuzimiwa barua kwa sababu ya jirani yake wa mtandaoni. Kampuni ya e360 Insight ilipeleka malalamiko yake mahakamani Marekani. Mwaka 2006, Spamhaus ikiwa haikuendelea kujitetea, iliamriwa kulipa dola milioni 11.7. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa iliishusha fidia hadi dola 3, kwa kuwa hasara haikuthibitishwa. Kesi hiyo haifuti pingamizi. Ila orodha peke yake haimzuii mtu: anayezuia ni msimamizi wa kila seva, ambaye huchagua orodha ya kuiamini na anaweza kuiacha kesho.

Wengine watasema kazi ilifanywa na vichujio na sheria. Agosti 2002 Paul Graham alionyesha jinsi programu inavyoweza kutenganisha barua kwa kuhesabu maneno ya taka na ya halali, na wazo hilo limesaidia sana. Lakini kichujio cha namna hiyo husoma barua iliyokwisha kuingia. Gharama mpokeaji keshailipa. Sheria ya Marekani ya CAN-SPAM, iliyoanza kutumika 1 Januari 2004, haikukataza kutuma bila idhini. Linganisha na 11 Novemba 2008: McColo, kampuni ya California iliyohifadhi mitambo ya kuongoza kompyuta zilizotekwa ili zitume barua taka, ilipokatiwa mawasiliano, barua taka duniani zilipungua ghafla kwa zaidi ya nusu. Zilirudi baada ya miezi, ni kweli, kwa kuwa wenye mitambo walihamia kwingine.

Ndiyo maana juhudi zikaelekea kwenye swali lililoachwa 1982: ni nani hasa anayebisha hodi? SPF humwezesha mwenye kikoa kutangaza seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, DKIM huweka sahihi ya kidijitali, na DMARC humweleza mpokeaji la kufanya uthibitisho ukishindikana. Februari 2024 Google na Yahoo zilianza kuwadai watumaji wakubwa yote matatu. Hapa nina wasiwasi: mamlaka yaliyotawanyika kwa maelfu ya wasimamizi yanakusanyika kwa wachache, na barua za seva ndogo ya shule hutupwa kapuni bila shule kuelezwa kosa lake. Msimamizi anayekataa barua na aikatae wakati wa mazungumzo, kwa jibu la 550, namba ya kukataa, lenye sababu, ili mtumaji halali ajue na ajirekebishe. Kuipokea kisha kuifuta kimyakimya ni kosa, hata kama iliyofutwa ni moja kati ya elfu.