Dhahabu ya Ardhini na Hisa za Karatasi: Habari za Migodi ya Geita na Kahama

Maongezi yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulisikia likitajwa lakini ni wachache walioelezwa vema, nalo ni hisa za migodi. Ushetu ni nchi ya tumbaku, pamba, mahindi na mpunga, wala haina mgodi mkubwa wake yenyewe. Lakini jirani zake ni Bulyanhulu upande wa Msalala, na Buzwagi karibu na mji wa Kahama, na mbele zaidi Geita. Mkulima akiisha kuuza mavuno, na fedha zikabaki mkononi, huja mtu akamwambia: "Nunua hisa za dhahabu, maana dhahabu haishuki thamani." Je, neno hilo ni kweli? Tuiulize historia, maana imekwisha kujibu.

Kwanza tufahamu hisa ni kitu gani. Aliyejiunga na chama cha msingi cha ushirika anajua jambo hili tayari. Ametoa fedha, amepewa sehemu yake, na jina lake limeandikwa daftarini. Ghala si lake peke yake, wala mizani si yake peke yake, bali ana fungu katika vyote. Chama kikipata faida hugawiwa, na kikipata hasara huipata pamoja na wenziwe. Hisa ya mgodi ni vivyo hivyo. Anayeinunua hakununua dhahabu. Amenunua fungu katika kampuni, yaani katika haki zake, mitambo yake, madeni yake na kesi zake. Tofauti hiyo ya dhahabu na kampuni ndiyo kiini cha maneno yangu yote ya leo.

Dhahabu ya nchi hizi ilijulikana na Wazungu tangu zamani za Wadachi. Mwaka 1898 Mdachi mmoja aliikuta Geita. Baadaye ulifunguliwa mgodi wa Sekenke, upande wa Iramba, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, kupiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Sarafu hizo zilizidi 16,000, na watu wanaokusanya vitu vya kale huzitafuta mpaka leo. Miaka ya 1930 bei ya dhahabu ilipopanda duniani, watu wenye fedha huko ng'ambo walijitokeza tena, na mgodi wa Geita ukajengwa. Tangu mwaka 1936 hata 1966 ulitoa kadiri ya wakia 1,000,000, ukawa mgodi mkubwa wa dhahabu kupita yote ya Afrika Mashariki. Kisha ukafungwa. Katika miaka hiyo yote mtu wa Geita aliujua mgodi kwa mshahara na kwa sauti ya baruti. Faida iligawanywa mbali.

Si kila mgodi ulikuwa hivyo. Mwaka 1940 John Williamson, mtaalamu wa mawe kutoka Kanada, aliikuta almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Huyu hakupeleka hisa zake sokoni, bali yeye na watu wachache aliowaamini walizishika mpaka alipokufa mwaka 1958. Mwaka ule ule hisa zikagawanywa nusu kwa nusu, baina ya Serikali na kampuni ya De Beers. Kwa hiyo mgodi waweza kustawi bila soko la hisa. Soko huhitajiwa pale kazi inapotaka fedha nyingi kuliko mfuko wa mtu mmoja.

Hitaji hilo lilirudi katika miaka ya 1990, Serikali ya Tanzania ilipofungua milango kwa makampuni ya nje. Kule Bulyanhulu wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba kwa sururu na kamba. Mwaka 1994 leseni ilipewa kampuni ya Kahama Mining, iliyokuwa mali ya Sutton Resources ya Kanada. Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo, maelfu yao, wakaamriwa kuondoka, na manung'uniko ya siku zile hayajasahauliwa. Mwaka 1999 kampuni ya Barrick, ya Kanada vilevile, ikainunua Sutton nzima, na mwaka 2001 mgodi ukafunguliwa. Angalieni vema mpango wa mambo: wenye hisa wa Sutton walipokea malipo yao miaka miwili kabla mgodi haujafunguliwa. Waliuza haki iliyoandikwa juu ya karatasi na matumaini ya dhahabu iliyopimwa. Mchimbaji aliyekuwa amekwisha kuigusa dhahabu yenyewe kwa mkono hakuwa na karatasi iliyoweza kuuzwa katika soko lolote.

Na karatasi ya namna hiyo yaweza kuwa ya uongo kabisa. Mwaka 1997 huko Kanada iliporomoka kampuni iitwayo Bre-X, iliyodai kwamba imeona dhahabu nyingi mno mahali paitwapo Busang, katika nchi ya Indonesia. Thamani ya hisa zake ilikuwa imefika mabilioni ya dola. Walipokuja wapimaji wengine wakagundua kwamba vipande vya mawe vilivyopelekwa kupimwa vilikuwa vimenyunyiziwa unga wa dhahabu uliotoka kwingine. Watu wengi walipoteza akiba ya uzeeni. Wahenga wetu walitukanya tusiuziwe mbuzi ndani ya gunia, na mgodi ni gunia lenye kina kirefu.

Sasa turudi Geita, tuone ajabu moja. Kampuni ya Ashanti ya Ghana, ambayo mwaka 1996 ilikuwa ya kwanza katika Afrika kuandikwa soko la hisa la New York, ilipata haki za Geita ikaanza kujenga mgodi mpya. Kampuni hiyo ilikuwa imefanya mapatano ya kuuza dhahabu yake ya miaka ya mbele kwa bei iliyopangwa, kama mkulima auzaye pamba ingali shambani. Bei iliposhuka, mapatano yale yaliilinda. Lakini mwishoni mwa Septemba 1999 mabenki makuu ya Ulaya yalitangaza kwamba yatapunguza kuuza dhahabu, na bei ikaruka kutoka karibu dola 255 kwa wakia mpaka kupita dola 320 kwa siku chache tu. Mtu angesema kampuni ya dhahabu imeneemeka. Sivyo! Mapatano yale yaligeuka deni, wenye mabenki wakadai dhamana kubwa, na Ashanti ikawa karibu kuanguka. Ikalazimika kuuza nusu ya mgodi wa Geita kwa kampuni ya AngloGold mwaka 2000, ndio mwaka ule ule mgodi ulipofunguliwa. Mwaka 2004 kampuni hizo mbili ziliunganishwa. Basi dhahabu ilipanda bei, na mwenye hisa za dhahabu akapata hasara.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na Ushetu ni ule wa Bulyanhulu na Buzwagi. Mwezi Machi 2010 Barrick iliiweka migodi yake ya Tanzania katika kampuni moja, African Barrick Gold, ikauza kama robo ya hisa zake katika soko la London, kila hisa kwa peni 575. Mwezi Desemba 2011 hisa hizo ziliandikwa pia katika soko la Dar es Salaam, soko lililoanza biashara yake mwaka 1998. Ndipo mlango ulipofunguka: mtu wa Kahama aliweza, kwa njia ya wakala wa Dar es Salaam, kuwa na fungu katika mgodi ulio jirani na shamba lake. Mwaka 2014 kampuni ilibadili jina ikaitwa Acacia.

Mwezi Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku kupeleka nje makinikia, yaani ule mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha uliokuwa ukisafirishwa kwenda kuyeyushwa ng'ambo. Makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam. Mwezi Mei kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikaeleza kwamba thamani iliyomo ilizidi sana ile iliyotangazwa, kampuni ikakana. Mwezi Juni ikafuata taarifa ya kamati ya Profesa Nehemiah Osoro. Mwezi Julai kampuni ikaletewa madai ya kodi, adhabu na riba yapatayo dola bilioni 190, ambayo ni zaidi ya mara tatu ya pato la Tanzania nzima kwa mwaka. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, Serikali ikapewa fungu lisilopungua sehemu 16 katika kila 100 za mgodi mkubwa, bila kulilipia. Bei ya hisa za Acacia ikaanguka vibaya, na kabla ya mwaka kwisha kazi nyingi za Bulyanhulu zikasimamishwa.

Hapa pana fundisho ambalo halisemwi mara nyingi. Walioketi kuzungumza na Serikali hawakuwa Acacia, bali wakubwa wa Barrick, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na hisa nyingi. Mwenye hisa chache, akiwa London au Kahama, alingoja nje ya mlango asikie yatakayoamuliwa. Mwezi Septemba 2019 Barrick ikazinunua hisa zote zilizobaki mikononi mwa watu wengine. Baada ya mabishano ilikubali kuongeza malipo, hata kila hisa ikathaminiwa peni 232, nayo ililipwa kwa hisa za Barrick yenyewe. Jina la Acacia likafutwa sokoni. Mwezi Januari 2020 mapatano yakatiwa sahihi: Barrick kulipa dola milioni 300 kumaliza madai, na kuundwa kampuni ya Twiga, ambayo Serikali ina sehemu 16 kwa 100 na Barrick sehemu 84.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Aliyenunua hisa 100 mwezi Machi 2010 alitoa paundi 575. Aliyezishika mpaka mwisho alipata mali yenye thamani ya paundi 232, ukiacha yale magawio aliyopokea katikati. Na dhahabu yenyewe je? Mwaka 2010 wakati ule wakia moja iliuzwa kadiri ya dola 1,100, na mwezi Septemba 2019 ilikuwa kadiri ya dola 1,500. Dhahabu ilipanda zaidi ya theluthi. Hisa ya dhahabu ilishuka zaidi ya nusu. Anayesema kwamba kununua hisa za mgodi ni sawa na kununua dhahabu, na ajibiwe kwa hesabu hii.

Sisemi haya ili kuwatia watu hofu wakimbie hisa zote. Bila watu wa kutoa mtaji, Geita ingekuwa kilima tu, na wako waliopata mali kwa halali. Tena mambo mapya yanakuja. Siku hizi dunia inatafuta nikeli ya betri, na madini adimu yatumikayo katika mitambo ya umeme, kama yale ya Ngualla katika mkoa wa Songwe. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, imo mikononi mwa kampuni ambayo hisa zake ziliandikwa soko la New York mwaka 2023, na imekusudiwa isafishwe Kahama, palipokuwa mgodi wa Buzwagi uliokwisha kuchimbwa mwaka 2021. Basi sauti ya kuwaita watu wanunue itasikika tena, na karibu na Ushetu.

Atakayeitwa na aulize maswali manne. Kwanza, mgodi unatoa mali leo, au ni matumaini ya wapimaji, na nani mwingine aliyepima? Pili, kampuni ina madeni gani, na je, imekwisha kuuza mavuno ya miaka ya mbele? Tatu, ni nani mwenye hisa nyingi, maana huyo ndiye atakayeketi mezani siku ya matata? Nne, mapatano yake na Serikali na wenyeji ni ya haki kiasi cha kudumu? Maana mapatano yasiyo ya haki huvunjika, na yakivunjika humwangukia kwanza aliye mdogo. Naye akumbuke zaidi ya yote kununua kwa wakala mwenye leseni, na kwa fedha ambazo zikipotea, watoto watakula na karo italipwa.

Wasikilizaji, wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Mkulima wa Ushetu hukagua mizani ya tumbaku yake kabla ya kutia sahihi, na akiona shaka huuliza mbele ya watu bila haya. Desturi hiyo njema na aende nayo mpaka kwenye soko la hisa.