Umeme jadidifu wa Bawshar
Bawshar, wilaya ya mkoa wa Muscat nchini Oman, siku hizi ni mlaji wa umeme zaidi kuliko mzalishaji. Zamani haikuwa hivyo: pwani yake ya Ghubra kulikuwa na kituo kilichoanza miaka ya 1970, kikitumia gesi kuzalisha umeme na kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Sasa jua huvunwa mbali, kwenye kituo cha Ibri II (megawati 500, kilichozinduliwa rasmi 2022) na vituo viwili vya Manah, kila kimoja megawati 500. Huko Harweel, Dhofar, mapangaboi 13 ya upepo hutoa megawati 50.

Ugumu umo katika kupanga. Viyoyozi vya Al Khuwair, mtaa wa Bawshar, havizimwi jua likichwa, hivyo usiku gesi hushika zamu. Vumbi hufunika paneli. Joto kali nalo, kinyume na wengi wanavyodhani, huzipunguzia nguvu. Mradi wa Rabt umeiunganisha gridi ya kaskazini na Duqm, kwenye upepo mwingi. Mpango wa Sahim, ulioanza 2017, unawaruhusu wenye nyumba kufunga paneli paani na kuuza ziada. Lengo la taifa ni asilimia 30 ya umeme iwe jadidifu ifikapo 2030.