Safu ya Lugha: Lawama na vitenzi vyake

Tazama vitenzi vinavyoandamana na neno lawama: tunaitupa, tunambebesha mtu, tunatupiana, na mwenye bahati hujivua. Hakuna anayeimaliza. Kiswahili kinaichukulia lawama kuwa mzigo wa kuhamishwa, na ndiyo maana anayelaumu hubaki akimsubiri mwenzake aungame, aone haya, abadilike. Nguvu zake ameziacha mikononi mwa yule yule anayemlalamikia. Kuwajibika ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa hapo mtu huanza na nafsi yake. Katika miaka ya 1970, Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watuhumiwa kuteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Si yeye aliyewapiga, na angeweza kuishia kuwanyooshea kidole walio chini yake. Mwaka 1985 akawa Rais wa Tanzania.

Wapo watakaosema kuwa kuacha lawama ni kumkingia kifua mkosaji na kumziba mdomo aliyeonewa. Hofu hiyo ina msingi, hasa kwa wanawake, ambao kila uchao huambiwa wavumilie. Lakini tunalo pia neno dai. Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, akaenda Baraza la Ardhi na karatasi ya mauziano mkononi na majirani wawili waliopakana naye kuwa mashahidi, halaumu, anadai. Shemeji wanaweza wasione haya hata siku moja, na shauri likasikilizwa vivyo hivyo.