Mwalimu wa Ufundi, Mtu wa Fani Mbili: Historia Kutoka Busia na Tororo

Uganda ilianza elimu yake ya juu kwa randa na msumeno. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa na vijana 14 tu, na walichofundishwa ni useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1928 kitengo cha ufundi kikatengwa, kikawa shule ya peke yake, na Makerere ikabaki na masomo ya vitabu. Tangu hapo fundi na msomi wamekaa nyumba mbili, na kijana wa Busia au Tororo, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, anayetaka kuwa mwalimu wa ufundi katika sekondari hana budi kubisha hodi kote kuwili.

Mwalimu huyu si kama wenzake wa chumba cha walimu. Wa historia akisoma vizuri na kujua kufundisha, kazi inakwenda. Wa ufundi lazima mkono wake uwe umekomaa kabla ya kushika chaki. Mtazame katika karakana ya useremala: mwanafunzi amemaliza kupiga randa, anadhani ubao umenyooka. Mwalimu anauegemeza kwenye gonia, anauinua usawa wa macho na kuuelekeza dirishani. Mwanga ukipenya kati ya chuma na mbao, ubao unarudishwa kwenye jiriwa. Haambii darasa kwamba mtoto amekosea. Anamwita aje auone ule mwanga mwenyewe. Jicho hilo hupatikana kwa miaka ya kazi, na subira ya namna hiyo hupatikana kwa kufundwa ualimu. Ukikosa moja, huna mwalimu.

Katika eneo hili mwalimu wa kwanza wa aina hiyo alikuja na misheni. Mwaka 1902, mwaka uleule Waingereza walipoihamisha sehemu ya mashariki ya Uganda na kuitia Kenya, wamisionari wa Kikweka (Quakers) kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na kuiita misheni yao, waziwazi, misheni ya viwanda. Shule ya misheni ya Maseno ikafuata mwaka 1906. Mpaka uliotokana na uamuzi wa 1902 uliwagawa Wasamia na Wateso, ndugu kwa ndugu, na baadaye ukagawa hata njia ya kujifunza kazi. Wa upande wa Kenya aliyetaka ufundi wa serikali alitazama Kabete, karibu na Nairobi, ambako kituo cha kuwafunza mafundi Waafrika kilianzishwa mwaka 1924. Wa upande wa Uganda alitazama Kampala.

Haikuwa kwamba kazi imekosekana hapa nyumbani. Tororo ilikuwa njia panda ya reli, na katika miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kilijengwa karibu na Mwamba wa Tororo unaoonekana kutoka mbali. Mafundi walikuwepo, ila hakuna aliyewageuza kuwa walimu.

Kisa cha kilima cha Kyambogo, Kampala, kinaeleza mengi kuhusu hilo. Chuo cha ualimu kilihamia kwenye kilima hicho mwaka 1954, na ile shule ya ufundi ya 1928 ikahamia hapohapo mwaka 1958. Wakawa majirani, huku wanafundwa walimu, kule mafundi. Ilichukua mpaka mwaka 2003 taasisi hizo kuunganishwa, pamoja na ile ya elimu maalumu, kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Miaka 45 kilima kimoja! Mimi naona hapo ndipo kiini cha tatizo letu kilipo, kuliko uhaba wa fedha tunaousingizia kila mara.

Fedha zilikuja, tena mara kadhaa. Shule ya Wasichana ya Tororo ilijengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani, ili masomo ya kawaida yaende sambamba na uchumi wa nyumbani na ukarani. Upande wa pili, Kanada iliisaidia Kenya kuanzisha chuo cha walimu wa ufundi pale Gigiri, Nairobi, mwaka 1977. Huu ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu ulimchukua mtu mwenye stashahada ya ufundi ukamwongezea ualimu.

Kisha Kenya ikaleta mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985. Masomo ya mikono yakaamriwa kila mahali, na wazazi wakachangishwa harambee kujenga karakana. Lakini katika miaka hiyohiyo ya 1980, shule za sekondari za ufundi ziligeuzwa kuwa taasisi za mafunzo ya baada ya kidato cha nne. Sekondari zikapoteza karakana zilizokuwa na zana na walimu wazoefu, wakati zinadaiwa kufundisha ufundi zaidi. Wazazi walijenga kuta. Mwalimu hajengwi kwa harambee.

Leo tumerudi palepale. Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari mwaka 2020, ukiwa na somo la Teknolojia na Ubunifu. Kenya imeingiza somo la awali la ufundi katika sekondari msingi, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wakaingia shule ya sekondari ya juu, ambako ufundi na uhandisi una nafasi yake.

Safari hii vyuo viko karibu. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa chuo cha zana za kilimo, kinafunza wahandisi wilayani Busia, na kampasi yake ya Nagongera, Tororo, inafunda walimu wa sayansi. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, kuna taasisi ya ufundi ya Bumbe kule Funyula, na Alupe iliyopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2022. Busitema isingoje miaka 45 kuzikutanisha karakana zake na madarasa ya Nagongera. Na mafundi wa Busia wanaochomea mageti na kutengeneza injini wapewe njia ya kupimwa kwa kazi zao, kisha waongezewe ualimu.

Liko pia suala la mpaka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010, na mwaka 2018 kilizinduliwa rasmi kituo cha forodha cha pamoja cha Busia, ambako msafiri huhudumiwa mara moja tu. Lakini mwalimu bado husajiliwa na nchi yake. Wizara za elimu za Nairobi na Kampala zikae meza moja, zitambue vyeti vya walimu wa ufundi vya pande zote mbili, na zianzie hapa, Busia na Tororo.