Redio za Taa na Mizani ya Chuma Chakavu

Msafiri atokaye Moshi kwenda Arusha, kabla hajafika Boma Ng'ombe, hulikuta soko la Kwa Sadala, ambalo watu wa Masama huliteremkia na mikungu yao ya ndizi, na wachuuzi wa mitumba huliendea na marobota yao. Na penye mkusanyiko mkubwa kama huo hakosekani mtu wa mizani, anunuaye chuma chakavu. Nilisimama siku moja mbele ya mizani ya namna hiyo, nikaona juu yake, baina ya sufuria iliyotoboka na mnyororo wa baiskeli, kiunzi cha redio kuukuu chenye matundu matano ya taa, yaani zile chupa za kioo zilizofanya kazi kabla ya transista, na kioo chake kilichoandikwa majina ya miji ya mbali. Transfoma ilikuwa imekwisha kung'olewa, kwa kuwa waya wa shaba hupimwa peke yake na bei yake ni bora kuliko ya bati. Mwenye mizani alinijibu kwa adabu kwamba kitu hicho kilikuja katika gunia pamoja na vingine, naye hajui kilitoka kihamba gani, yaani shamba gani la nyumbani la Wachaga, wala kilikuwa mali ya nani. Jibu hilo lilinisikitisha kuliko kupotea kwa transfoma, na sababu ya masikitiko yangu ndiyo maudhui ya makala haya.

Aghalabu watu hudhani kwamba redio ikizeeka huwa adimu, na ikiwa adimu huwa ghali. Dhana hiyo haina ithibati. Kampuni ya Hallicrafters ya Chicago, iliyoasisiwa na William Halligan, ilitoa mwaka 1946 redio ndogo ya masafa mafupi iliyoitwa S-38, ambayo umbo lake lilibuniwa na Raymond Loewy, bingwa wa sanaa hiyo katika zama zile. Iliuzwa kwa dola 39.50, ikanunuliwa na kila mwenye hamu ya kuisikia dunia na mfuko mwepesi, na kwa sababu hiyo imesalia kwa wingi huko Marekani, wala umri wake mrefu haujaifanya johari. Itazame sasa HRO, iliyotolewa na kampuni ya National ya Massachusetts mwaka 1935. Hii nayo iliundwa kwa wingi, hata Waingereza wakaitumia katika vita vikuu vya pili kunasa habari za adui. Lakini ilikuwa na masanduku madogo ya koili, kila sanduku kwa masafa yake, ambayo msikilizaji aliyachomoa na kuyachomeka upande wa mbele kila alipotaka kuhama. Kitu kichomolewacho hupotea. Leo HRO isiyo na masanduku yake ni bubu, na ile iliyo nayo yote, hasa yale yale iliyotoka nayo kiwandani, hugombaniwa na wakusanyaji. Basi uadimu hauhesabiwi kwa idadi ya vyombo vilivyoundwa, bali kwa idadi ya vile vilivyosalia kamili.

Mintarafu ya nchi yetu, habari za redio ni za zamani kuliko wengi wanavyofikiri. Wajerumani walikuwa wamekwisha kusimamisha mnara wa simu ya upepo mjini Dar es Salaam kabla ya vita vya kwanza, na vita vilipozuka ndio uliokuwa miongoni mwa vitu vya awali kulengwa, kwani tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, ilifika mbele ya mji ikaupigia mizinga. Jambo lililoanza kuwa silaha likawa baadaye mapenzi ya watu binafsi. Mtu wa redio ya ridhaa ni yule apewaye leseni na serikali arushe na kupokea mawasiliano kwa ajili ya elimu na usuhuba, pasipo ujira wala biashara. Naye hupewa alama ya wito, ambayo herufi zake za kwanza hutangaza nchi yake. Katika miaka ya ukoloni Tanganyika ilikuwa VQ3, Kenya VQ4, Uganda VQ5 na Unguja VQ1. Baada ya uhuru Tanganyika ikapata 5H3. Wawili wakiisha kuzungumza hewani, desturi ni kupelekeana kadi kwa posta iwe shahada ya mazungumzo yao, na kadi hiyo, ingawa ni karatasi tu, humwambia ajuaye kusoma mengi ambayo chombo chenyewe hakiwezi kuyasema.

Kisa kimoja kinastahili kusimuliwa kwa kirefu. Mwaka 1948 msafara wa Attilio Gatti, mvumbuzi mzaliwa wa Italia, ulizunguka Afrika Mashariki ukiwa na magari makubwa na kituo kizima cha redio kilichotolewa na Hallicrafters, pamoja na Wamarekani wawili wa redio ya ridhaa, Bob Leo na Bill Snyder, waliokuja kwa kazi hiyo mahususi. Walipewa alama tatu za wito kwa nchi tatu: VQ4EHG kwa Kenya, VQ3HGE kwa Tanganyika, na VQ5GHE kwa Uganda, ambapo herufi zile za mwisho ni zile zile zikibadilishana nafasi, kwa jina la msafara, Hallicrafters na Gatti. Katika siku zile mtu wa Ohio au wa Ufaransa aliyeisikia VQ3 katika redio yake hakulala usiku huo, kwa jinsi sauti kutoka Tanganyika ilivyokuwa haba hewani. Kadi za msafara ule zimehifadhiwa hadi leo katika makabati ya ughaibuni, na wanaozithamini ni wengi huko kuliko hapa petu, ambapo mawimbi yale yalitokea.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro redio iliingia kwa njia nyingine, nayo ni kahawa. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kiliuza kahawa ya wakulima kwa niaba yao, na bei ilipopanda baada ya vita vya pili, fedha ile ikajenga nyumba za mabati, ikalipa ada za shule, ikanunua cherehani na redio. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kutangaza mwaka 1951, na mwaka 1957 London ikaanza matangazo yake kwa Kiswahili. Walakini umeme haukupanda mlima kwa kasi ya kahawa, na redio ya taa ni mlaji mkubwa: sharti ipewe betri ndogo ya kuwasha nyuzi za taa, na betri nyingine nzito, mara nyingi ya volti 90, ya kuisukuma sauti. Tatizo hilo lilikuwa la Waafrika wote wa mashamba. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Harry Franklin wa idara ya habari aliishawishi kampuni ya Ever Ready iunde redio ya bei nafuu, na mwaka 1949 ikatoka ile iliyojulikana kwa jina la redio ya sufuria, kwa kuwa kiwiliwili chake kilikuwa sufuria hasa, kikapakwa rangi ya buluu. Bei yake pauni 5, yaani shilingi 100, na betri yake shilingi 25, ikidumu kwa muda wa saa 300 hivi. Chombo kilichokuwa cha fukara kimegeuka kuwa tunu, kwa sababu fukara hakuwa na mahali pa kukiweka kilipokufa, na mwenye nafasi hakuona fahari kukihifadhi.

Kilichoziua redio za taa vihambani si ubovu. Transista zilipokuja, redio ikatosheka na mawe machache ya tochi, na katika miaka ya 1960 Matsushita wa Ujapani wakafungua kiwanda Dar es Salaam cha kuunda redio na betri za National (siyo ile ya Massachusetts), jina ambalo kila mzee wa leo analikumbuka; maduka yakaacha kuleta betri za volti 90, na redio nyingi zilizokuwa nzima zikanyamaza kwa njaa. Ziligeuka meza za kuwekea taa ya chemli, viota vya kuku, na hatimaye magunia ya chuma chakavu. Na zile kubwa za mawasiliano, kama AR88 ya RCA yenye uzito wa karibu kilo 45, zilikuwa na balaa zaidi, kwani uzito ule ule uliozifanya zitulie juu ya masafa bila kuyumba ndio umpendezao mwenye mizani.

Mkusanyaji hodari huangalia nini? Huangalia kwanza kama chombo hakikuguswa. Rangi ya asili iliyochubuka ni bora kuliko rangi mpya inayong'aa, na vitufe vya asili ni bora kuliko vya kuazima. Kibati cha nyuma chenye nambari, kikikosekana, huondoka na sehemu kubwa ya thamani. Wengi wa wapenzi wa zamani walitoboa viunzi na kuongeza taa na swichi ili wapate usikivu zaidi, nao walikuwa na haki kwa zama zao, lakini matundu yale hayazibiki. Adui mwingine ni unyevu. Katika vijiji vya juu, ukungu na mvua za masika huingia ndani ya transfoma na kuota kutu ya kijani juu ya nyuzi nyembamba za shaba, ilhali huku chini Kwa Sadala ukavu huzitunza vizuri zaidi, ingawa vumbi hujaa. Na mimi, kwa insafu yangu, nakiweka juu ya yote hayo kitu ambacho hakimo ndani ya sanduku: kumjua aliyekuwa na chombo hicho, alikinunua lini, na alisikia nini. Redio mbili za namna moja, moja ina stakabadhi ya duka na leseni ya mwenyewe, nyingine imetoka guniani haina mashahidi, hazilingani abadani.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji uliye na redio ya babu darini, usiichomeke kwenye umeme wa volti 230 kuijaribu, kwani kapasita za karatasi zilizozeeka hupasuka na kuiunguza transfoma dakika ile ile. Mpelekee fundi mzee anayezijua taa, aiamshe polepole. Nakili nambari iliyo kwenye kibati cha nyuma. Tafuta leseni, risiti, na kadi yoyote yenye herufi VQ3, uzifunge pamoja nayo katika kitambaa kikavu, uandike jina la aliyeinunua na mwaka, ukimuuliza bibi angali hai.