Chakula cha Samaki Kilivyochunguzwa

Ewe msomaji, ukiteremka bondeni kutoka mashamba ya chai ya Kericho au Bomet, huenda ukaona bwawa la samaki, na mwenyewe akitupa pumba za mahindi majini. Samaki huja mbio wakala. Lakini miezi hupita nao ni wadogo vilevile. Baridi ya nchi hiyo ya juu ni sababu moja. Chakula ni sababu ya pili. Je, wanadamu walijuaje samaki ahitaji nini?

Trauti wa kwanza waliletwa Kenya kutoka Scotland mwaka 1905, wakatiwa mtoni wajitafutie riziki. Samaki wa bwawani hana mto wa kutembelea. Hutegemea sana apewacho.

Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Marekani, John Halver, alishika njia ya subira. Nyama na ini zina mambo mengi yaliyochanganyika. Kwa hiyo aliwatengenezea samoni wachanga chakula ambacho kila kitu ndani yake kilijulikana na kupimwa. Yafaa ujue kwamba protini ni kama ukuta wa matofali ya namna nyingi, nayo huitwa asidi amino. Halver na wenzake, DeLong na Mertz, waliondoa asidi amino moja tu, wakaziacha nyingine zote, kisha wakawapima samaki. Waliokosa iliyo ya lazima waliacha kukua. Waliporudishiwa, walikua tena. Mwaka 1957 walitangaza kwamba zilizo za lazima ni kumi.

Mojawapo ni lisini, nayo ni haba katika mahindi. Basi hata ukimwaga pumba debe juu ya debe, ukuta hausimami, kwa kuwa tofali moja limepungua.

Omena wa Ziwa Victoria huziba pengo hilo. Lakini omena ni kitoweo cha watu wengi wasio na uwezo. Je, ni haki kumlisha samaki kwa kumpunguzia mtoto? Tangu mwaka 2009, Serikali ilipoanza mpango wa kuchimba maelfu ya mabwawa nchini, swali hilo limezidi uzito. Ndiyo maana wataalamu wa Kenya wamejaribu mashudu ya alizeti na ya pamba mahali pa omena.

Nawe waweza kufuata njia hiyo. Chukua mabwawa mawili yaliyo sawa, samaki wa idadi moja na umri mmoja. Badili chakula tu, usibadili jambo jingine. Kisha usiamini macho: amini mizani.