Kiwambo Kilichopooza na Kisu cha Tabibu

Katika tarehe ya tiba ni nadra kisu kutumwa kwanza kukipoozesha kiungo, kisha, kabla ya karne kutimia, kikatumwa kukihuisha. Nayo ndiyo kadhia ya kiwambo, ule msuli mpana utengao kifua na tumbo, ambao kila upande wake hupata amri kwa mshipa mmoja wa fahamu ushukao kutoka shingoni.

Mwaka 1911 Stuertz, tabibu wa Kijerumani, alishauri mshipa huo ukatwe kwa makusudi kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na baada yake Ferdinand Sauerbruch akaushika ushauri huo. Mpasuaji alichana ngozi juu ya mtulinga, akautafuta ule mshipa mwembamba ulalao juu ya msuli wa shingo, akaukata, au akauminya kwa koleo ili upooze kwa muda tu. Kiwambo kikapanda, na pafu lenye vidonda likapata raha. Maelfu walifanyiwa hivyo, hata streptomisini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943, na dawa zilizoifuata zikaiondolea amali hiyo haja yake.

Lakini walikuwapo pia waliopooza pasipo kutaka. Mwaka 1923 Morrison alieleza namna ya kukikunja kiwambo kilicholegea na kukishona, mithili ya fundi apunguzaye kanzu iliyozidi upana; msuli haufufuki kwa uzi, ila hukazika, ukaacha kulisonga pafu kila mgonjwa avutapo pumzi.

Wengine waliuelekea mshipa wenyewe. Mwaka 1948 Stanley Sarnoff na wenzake wa Harvard waliupitishia umeme ili kuwapumulisha wagonjwa wa polio, na katika miaka ya 1960 William Glenn wa Yale akaunda chombo cha kupandikizwa mwilini, kipokeacho mawimbi ya redio kutoka nje. Mwaka 2003, huko Cleveland, mwigizaji Christopher Reeve, aliyevunjika shingo kwa kuanguka farasini, alitiwa nyaya katika kiwambo chenyewe kupitia matundu madogo ya tumbo: mpasuaji hukigusa kwa umeme hapa na pale, akitafuta mahali kijikunjapo kwa nguvu zaidi, ndipo apandikizapo nyaya mbili kila upande.

Leo mshipa uliokatika huweza hata kuungwa kwa kipande cha mshipa wa fahamu kitolewacho mguuni. Hata hivyo umeme haufai kitu kwa mshipa uliokufa, na uliominywa tu, kama walivyojua wapasuaji wa zamani, huenda ukapona wenyewe baada ya miezi kadha. Basi upimwe mshipa kwanza, na kisu kifuate.